Arudie Jaribio, Ila Kwanza Afanye Masahihisho

Kila nikisema wanafunzi waruhusiwe kurudia jaribio ili wapate alama bora, walimu wenzangu hunijia juu: utalea uvivu! Hofu yao naielewa. Mwanafunzi akijua kuna nafasi ya pili, ya kwanza ataingia hajagusa daftari. Wa aina hiyo nimewafundisha. Bado nasema waruhusiwe, kwa sharti ambalo kwangu halina mjadala: bila masahihisho, hakuna kurudia.

Nafundisha hisabati. Mpe mwanafunzi nusu jumlisha theluthi, aandike 2/5. Amejumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini. Umemwekea kosa kwa kalamu nyekundu. Kesho mrudishe kwenye jaribio, umuulize 1/4 jumlisha 2/5. Ataandika 3/9, tena bila wasiwasi wowote. Huyu si mvivu. Ana kanuni yake kichwani na anaifuata vizuri sana, basi tu kanuni yenyewe si sahihi. Ukikaa naye, mkachora mstatili wenye vipande sita, akapaka rangi vitatu, kisha viwili, ataona ni vitano kati ya sita. Halafu muulize: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Hapo hunyamaza kidogo, maana amejumlisha akapata pungufu ya alichoanza nacho.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1968 Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alipendekeza mwanafunzi apimwe, asaidiwe pale alipokwama, kisha apimwe tena. Shule nyingi huchukua mwanzo na mwisho, ile hatua ya katikati zikairuka.

Kwangu, anayetaka kurudia huleta daftari. Kila swali alilokosa amelifanya upya, na chini yake ameandika kwa maneno yake alikosea wapi. "Sikusoma vizuri" sipokei. Asiyeleta harudii, na wengi wanaotegea huishia hapo hapo, sina haja ya kugombana nao. Maswali ninayompa ni mapya, ya mada ileile, na yanahusu alipokosa tu.

Alama je? Ya pili ndiyo ibaki. Kuna wanaochukua wastani, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Aliyepata 40 akarudia akapata 90, ukimwandikia 65 umemweleza nani? Leo anajua kwa kiwango cha 90. Aliyepata 90 mara ya kwanza hajanyang'anywa kitu, na akitaka kupanda naye mlango uko wazi.

Mitihani ya mwisho inayopanga watu nafasi za masomo ina taratibu zake; mimi nazungumzia majaribio ya darasani.

Kinachonisumbua kweli ni mzigo wa mwalimu. Kutunga karatasi mbili na kusahihisha mara mbili, darasa likiwa limejaa, ni kazi ya kuumiza. Ndiyo maana siruhusu kwa kila jaribio. Nachagua mada ambazo nyingine zinasimama juu yake: sehemu, namba hasi, milinganyo sahili. Mwanafunzi akivuka na 2/5 yake kichwani, aljebra itamshinda, na atakayemfundisha mwaka ujao hatajua tatizo lilianzia wapi. Kama muda wako unatosha mada moja tu kwa muhula, anza na sehemu.