Saa Imelia, Nani Anakuja?

Barua za safari hii karibu zote ni za vifaa vya kugundua mzee akianguka. Nimechagua chache.

Mama ana miaka 78, yuko Moshi. Mimi niko Minnesota. Nimnunulie saa janja ipi?

Hili ni swali la nne la aina hii ndani ya mwezi, na kwa mara ya nne mwulizaji hasemi mama anaishi na nani. Mnataja chapa, hamtaji jirani! Saa hizi hufanya kazi kwa namna moja: kihisi kimoja kinapima mshtuko, kingine kinapima mkono ulivyogeuka. Apple Watch, yenye huduma hii tangu 2018, ikihisi mshindo mkubwa kisha mvaaji asisogee kwa takriban dakika moja, hupiga namba ya dharura na kuwatumia ujumbe watu ulioandikisha. Haya, umejiandikisha wewe. Kwa mama ni saa tano asubuhi, kwako saa nane usiku, simu umeizima sauti. Mwandikishe mwenye ufunguo wa geti. Halafu kumbuka, saa isiyo na laini yake hutegemea simu iliyo karibu, na simu ya mama ipo dirishani inakotafutiwa mtandao, yeye yuko bafuni.

Saa ya baba inalia hata hajaanguka. Ni mbovu?

Si mbovu. Ya bibi yangu ilikuwa ikimwuliza kama ameanguka kila akitwanga kisamvu. Siku aliyoanguka kweli, aliteleza polepole kutoka ukingoni mwa kitanda huku ameng'ang'ania shuka, na saa haikusema kitu. Tulimkuta ameegemea kitanda, anatuuliza chai iko wapi. Mshindo haukutosha. Ukiifanya iwe nyepesi kuhisi, italia kwa kila kofi la ngoma; ukiipunguza, itakosa maanguko kama hayo. Muuzaji anayekuambia yake haikosei, muage.

Tuweke kamera chumbani kwa bibi?

Bibi mwenyewe mmemwuliza?

Je, vile vya rada vya kubandika ukutani?

Kwa bafuni navipenda. Havipigi picha, vinasoma mwili ulivyo na unavyosogea kwa mawimbi ya redio, na mzee havai chochote. Bafuni ndiko saa huvuliwa, na ndiko kwenye vigae vyenye maji. Ila vinataka umeme na mara nyingi intaneti. Umeme ukikatika na hakuna betri ya akiba, umebandika pambo. Na chumba wanakolala wajukuu watatu na babu yao kitavichanganya.

Mzee amekataa kuvaa shingoni kitufe cha kuita msaada. Tumlazimishe?

Mkimlazimisha atavaa, lakini hatabonyeza. Utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliochapishwa 2008, uliwafuatilia watu wa zaidi ya miaka 90. Wengi walikuwa na vitufe vya kuita msaada, na bado wengi walioanguka wakiwa peke yao hawakuvitumia. Wapo waliokaa sakafuni saa nzima na zaidi. Hapo ndipo hatari inapoongezeka: misuli iliyobanwa huanza kuharibika na kuumiza figo, ngozi hufanya vidonda, mwili hukauka maji. Mwulize anachokataa. Huenda ni kamba inayomkwaruza shingo, huenda ni aibu mbele ya wazee wenzake msikitini.

Baba ameanguka mara mbili mwezi huu. Kifaa kipi kinamfaa?

Hospitali. Beba vidonge vyake vyote, vya presha na vya usingizi, uviweke mezani mbele ya daktari. Macho yapimwe. Ukirudi, tupa kandambili zilizolika soli, ondoa kile kizulia cha mlangoni, funga taa njia ya chooni na bomba la kushikia ukutani. Fundi wa mtaani analifunga asubuhi moja. Kifaa kitakuambia ameanguka. Hakitakuambia kuhusu kizunguzungu anachopata akiinuka kitandani. Naona watu wanatuma saa ya mamilioni kwenye nyumba ambayo choo ni cha nje na hakina taa.

Kifaa nimeshanunua. Nitajuaje kinafanya kazi?

Usimwigizishe mzee. Mvalishe kijana, ajirushe kwenye godoro kisha atulie kimya. Hakikisha kwanza namba ya dharura haipigwi kwa mzaha. Jirani asiambiwe siku. Wewe shika saa ya ukutani, hesabu dakika mpaka usikie hodi.