Safari ya ski kwa hela ya Dar: msilipie watu saba kitu kimoja

Kila nikiposti picha za Lesotho tulikoenda ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, swali la kwanza ni shilingi ngapi, na mimi huwa nawauliza kwanza unaenda na nani. Sisi tulikuwa watu 7 kutoka Dar. Mmoja ndo alikuwa anajua ski kweli kweli, alisoma Innsbruck kule Austria na kila wikiendi ya baridi alikuwa mlimani, mwingine aliwahi kujaribu siku mbili akiwa Kanada miaka mingi iliyopita, wanne (mimi nikiwemo) theluji tulikuwa tunaiona Kibo tu, tena ukiwa Moshi asubuhi kabla mawingu hayajapanda, halafu mama yangu mdogo ambaye alisema mapema kabisa, "mwanangu, mimi hizo mbao sivai". Sasa kundi kama hilo ukilipangia kama vile wote ni mtu mmoja, hela inaisha katikati na watu wananuniana mpaka eapoti.

Kwa nini Lesotho? Kwa sababu Ulaya unaanza na viza ya Schengen, ada yake peke yake ni euro 90 na ukinyimwa hairudi, bado bima, bado nauli. Lesotho unapitia Afrika Kusini, na huko Mtanzania unaingia bila viza mpaka siku 90, unashuka Johannesburg baada ya kama saa tatu na nusu hewani, mnakodi gari moja mnaondoka. Afriski, kituo cha ski tulichoenda, iko kaskazini mwa Lesotho kwenye milima ya Maluti, mita 3,222 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo umeshapita kambi ya Mandara (2,720) ila Horombo (3,720) bado. Msimu ni Juni mpaka Agosti, theluji nyingi inatengenezwa na mashine usiku baridi ikikaza, na mteremko mkuu una urefu wa kama kilomita 1. Kilomita moja! Mtu wa Innsbruck ataona kichochoro, mtu wa Temeke ataona mlima Kitonga, kwa hiyo huyo anayejua mwambieni urefu mapema kabla hajatoa hata shilingi, akubali au abaki, sisi wa kwetu tulimwambia akasema anakuja kwa ajili yetu na hilo lilisaidia sana.

Tulichanga laki mbili kwa mwezi kila mtu, miezi 12, mweka hazina mama mdogo kwa sababu vikoba vyote vya Tabata anavijua yeye. Na ni yeye aliyeokoa hii safari. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya haraka haraka, gharama zote jumlisha, gawanya kwa 7. Nikamfungulia daftari sebuleni kwake, akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye tiketi za lifti, yaani mashine za kukupandisha mlimani. "Haya, na mimi nisiyepanda, hapa nalipia lifti ya nani?" Nikakosa jibu.

Kuanzia hapo tukagawa hela mafungu mawili. Fungu la pamoja ni gari, mafuta, malazi na chakula, hivyo kila mtu sawa. Mambo ya mlimani, yaani tiketi ya lifti, kukodi vifaa na mwalimu, kila mtu kwa kiwango chake na mfuko wake. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini ndo chanzo cha ugomvi kwenye safari nyingi, mtu amelipishwa siku nzima ya lifti halafu kapanda mara tatu, miguu imeisha, saa sita mchana yuko kwenye kiti anakunywa chokoleti ya moto na anahesabu kichwani hela yake inavyoyeyuka.

Anayeanza siku ya kwanza hahitaji tiketi ya mlima mzima. Anahitaji mwalimu wa saa moja au mbili na ule mteremko mdogo wa wanaojifunza, basi. Atatumia muda mrefu kujifunza kusimama, unakutanisha ncha za mbele na kufungua visigino kama kipande cha pizza, ukizidi kufungua unapunguza mwendo. Na kupanda lifti yenyewe ni somo, kwa sababu zile za kuvuta siyo kiti, kile kijiti kinakaa nyuma ya mapaja kinakusukuma ukiwa umesimama, ukikikalia tu umeanguka na foleni yote nyuma inasimama. Siku ya pili ndo unaamua kama unaongeza. Aliyewahi kidogo, yule wetu wa Kanada, naye tulimlipisha mwalimu saa moja ya kujikumbusha akalalamika, ila baada ya ile saa alishuka mteremko mkuu bila kuanguka. Anayejua mpe asubuhi yake. Lifti zikifunguliwa tu aende peke yake ashuke mpaka aridhike, kisha saa nane mchana ndo aje kwa wenzake. Akikaa na wanaoanza tangu asubuhi atachoka roho, na mtu aliyechoka roho ndo anafanya kile alichotufanyia wa kwetu.

Hili nalisema kwa uchungu maana ni mdogo wangu wa damu. Ana miaka 24, gym kila siku, kifua kama mlango. Wakati wa kukodi vifaa wanakupa fomu ya kujaza uzito, urefu, umri na kiwango chako, yeye kwenye kiwango akaandika mzoefu. Mimi nilikuwa pembeni nimeona, nikanyamaza, nikajua ni mambo ya vijana. Sikujua kwamba zile klipsi zinazoshika buti kwenye ski zinakazwa kwa kufuata hiyo fomu. Anayeanza wanamlegezea ili akianguka ski ichomoke, mzoefu wanamkazia kwa sababu anashuka kwa nguvu na hataki ichomoke ovyo. Halafu baada ya kama dakika arobaini tu kwenye mteremko mdogo, mshkaji wa Innsbruck akamwambia twende juu, utajifunza ukishuka. Wakapanda. Mdogo wangu alivyoangalia chini ile pizza ikapotea yote, akanyooka moja kwa moja, mikono juu, akapita karibu na sisi anaita jina langu. Alivyoanguka ski ya kushoto haikuchomoka, mguu ukabaki na mwili ukazunguka. Goti likavimba kama embe dodo.

Halikuvunjika, Mungu mkubwa. Tulijaza theluji kwenye mfuko wa rambo tukamfunga nayo, na siku mbili zilizobaki alikaa ndani na mama mdogo. Tiketi aliyolipia ikaenda bure, vifaa vikaenda bure, na mshkaji wa Innsbruck hakula vizuri mpaka tunarudi kwa sababu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kujua ski na kujua kufundisha ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo nakuomba, kwenye fomu andika ukweli, uzito wa kweli na kiwango cha kweli, na kama kwenye kundi mna mtaalamu mkubalianeni mkiwa bado Dar kwamba yeye hafundishi mtu. Bima nayo soma kabla ya kulipa, bima nyingi za safari za kawaida hazigusi ajali za michezo ya theluji mpaka uiongezee kipengele chake.

Halafu nguvu za gym siyo kipimo. Aliyetushangaza ni binamu yangu mwembamba anayeteleza na zile roller skate barabarani jioni, siku ya kwanza hiyo hiyo alikuwa anakata kona, kwa sababu mwili wake unajua tayari kuegemea upande mmoja wa mguu. Kwa hiyo mkipanga makundi ulizaneni nani anateleza, nani anaogopa urefu, nani ana goti bovu la mpira wa zamani.

Nguo sasa, na hapa Dar tuna bahati ambayo hata Joburg hawana. Nenda soko la mitumba la Karume. Watu wa Ulaya wanatupa suruali za ski nzuri kabisa zinaingia kwenye belo, zinafika huku hakuna mwenye shida nazo isipokuwa madereva wa bodaboda na wanaofanya kazi kwenye friza za samaki pale Feri. Mimi nilienda mwezi wa tatu, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, navaa suruali nene yenye pamba juu ya dera na jasho linatiririka mpaka kwenye nyusi, muuzaji ananiuliza "dada, umepata kazi Feri?" Nikamwomba chupa yake ya maji nikamwagia kwenye goti la suruali. Matone yakajikusanya kama shanga yakateleza chini, kitambaa kikabaki kikavu. Nikageuza ndani nikakuta mishono imezibwa na utepe, nikajua hii ndo yenyewe. Elfu 12, na jaketi elfu 15. Nilivyokuwa nalipa nikamuona anamwagia maji suruali nyingine mbele ya bodaboda mmoja, anamwambia angalia mwenyewe.

Helmeti na buti usinunue mtumba, kodi kule kule. Helmeti ikishagongwa povu la ndani linaweza kuwa limepasuka na kwa nje huoni kitu. Na soksi ni pea moja tu ndefu, siyo ya pamba. Sisi watu wa joto tunaogopa baridi tunavaa tatu, buti linabana, damu haipiti vizuri, vidole vinaganda kuliko ambavyo ungevaa moja. Jinzi acha nyumbani, ikilowa hapo ndo imekwisha. Ila mafuta ya kukinga jua bebeni, hata kama hujawahi kuyapaka maisha yako yote, maana kila mita 1,000 unazopanda ile miale inaongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, na theluji mpya inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 yake usoni kwako. Midomo yangu ilibabuka na mimi ni mweusi tii.

Tarehe. Wengi mtataka kubana likizo zetu, Sabasaba au Nanenane, na hapo ndo mtapigwa bei. Shule za Afrika Kusini mara nyingi zinakuwa zimefungwa kuanzia mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai, na Nanenane yetu inafuatana na Agosti 9 yao, Siku ya Wanawake, kwa hiyo ikiangukia vibaya Joburg nzima iko mlimani. Juni 16 nayo ni sikukuu kwao. Sisi tulienda wiki ya mwisho ya Julai, Jumatatu mpaka Alhamisi, foleni ya lifti ilikuwa ya watu wachache na wanaoanza walikuwa na nafasi ya kuanguka bila kugongwa.

Usiku wa kwanza laleni Joburg, msipitilize. Siyo starehe, ni kwamba mmetoka usawa wa bahari na Joburg peke yake ni kama mita 1,750, mwili unapata pa kuanzia. Kichwa kitauma kidogo kule juu, kunyweni maji, msikimbie. Gari tulipata tabu maana kampuni tuliyokodi hawakutuambia mpaka tumefika kaunta kwamba kuvuka nayo mpaka kunahitaji barua yao ya ruhusa na inalipiwa, tukapoteza nusu siku, kwa hiyo ombeni hiyo barua siku mnayobukingi. Njia ni Bethlehem, Fouriesburg, mpaka wa Caledonspoort, Butha-Buthe, halafu mnaanza kupanda kona za mlima za Moteng. Usukani apewe aliyezoea Kitonga au Lushoto, na pandeni mchana, maana kona za kivulini zina barafu asubuhi na kwenye saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshazama.

Chakula tulinunua Butha-Buthe tukapika wenyewe, hapo ndo tuliokoa hela nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Unga wapo nao, ugali wao wanaita papa na mboga za majani wanaita moroho, mama mdogo akajiona yuko nyumbani. Ila maharage makavu msihangaike nayo, kule juu maji yanachemka yakiwa kama nyuzi 90 tu, tulichemsha kutoka saa tisa mpaka usiku na bado yalikuwa yanagonga meno. Na asiyeski mwekee fungu lake dogo, asiwe mlinzi wa mabegi. Mama mdogo alipanda farasi wa Kisotho akiongozwa na kijana taratibu, akanunua blanketi lao, akalivaa begani mpaka tunashuka Dar kwenye joto.

Suruali zetu 6 za Karume ziko kwenye begi la shangazi kaja chini ya kitanda changu, nimezifua na kuzikausha kivulini. Kama mnaenda Julai na zinawatosha, njooni mchukue, mtazirudisha mkirudi.