Re: Somo la uaminifu lisiwe la kukariri tu

Waalaikum salaam, mwalimu mwenzangu. Umeuliza ufanyeje wanafunzi wa sekondari wasiishie kukariri somo la uaminifu. Leta darasani maharagwe na vikombe viwili vya sokoni, kimoja kitako chake kimebonyezwa ndani. Wapime wenyewe, wabishane nani kapunjwa. Hapo ndipo mfungue Suratul Mutaffifin, sura ya Qur'ani inayowaonya wanaopunja vipimo, aya 1 hadi 3, kisha hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono kwenye rundo la chakula cha muuzaji akakuta chini kimelowa. Kelele zitakuwepo, usizizime. Waulize: muuzaji ambaye watoto wake wana njaa afanyeje? Wengine watamtetea, wasikilize mpaka mwisho kabla hujasema neno. Mtaala wetu unataka hivyo hasa, mwanafunzi atende na afikiri.