Hakuna Atakayekupa Tahasusi: Kutoka Chuo cha Jamii Kwenda Chuo Kikuu, California

Mwisho wa mwaka wangu wa kwanza katika chuo cha jamii (community college, unakosoma miaka miwili ya kwanza kabla ya kuhamia chuo kikuu) hapa San Diego nilikuwa na uniti 27, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zote A. Kiingereza, historia ya Marekani, sosholojia, saikolojia, muziki na mengine ya aina hiyo. Nilimsomea mama matokeo kwa simu, naye akashukuru Mungu. Wiki iliyofuata nikafungua masharti ya fani niliyoitaka, baiolojia, katika UC Davis, yaani Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis. Katika orodha yao ya masomo ya kujiandaa na fani hapakuwa na hata moja kati ya yale niliyosoma.

Mshauri wa masomo aliyenipokea alikuwa ameniambia nimalize kwanza masomo ya jumla, sayansi zingefuata. Alisema kwa nia njema, na mtu anayekwenda kusoma sosholojia ushauri ule ungemfaa. Mimi ulinigharimu mwaka.

Naandika haya kwa sababu vijana wetu wengi wamekuja, wengine kwa bahati nasibu ya viza, wengine ni Wakongomani waliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, na wengi wao wanaanzia chuo cha jamii. Ni njia nzuri. Uniti moja ni dola 46 kwa mkazi wa California, na wenye kipato kidogo wanaweza kusamehewa ada hiyo. Shida iko kwenye mpangilio.

Sisi tuliosoma Tanzania tumezoea kupangiwa. Ukifika kidato cha tano unapewa tahasusi, yaani kundi la masomo lililokwisha kupangwa: PCB (fizikia, kemia, baiolojia), PCM (fizikia, kemia, hisabati), HGL (historia, jiografia, Kiingereza). Ukishaingia PCB huna haja ya kukumbuka kwamba kemia inahitajika, iko kwenye ratiba tayari. Chuo cha jamii hakina tahasusi. Kina orodha ndefu ya masomo, nawe unachagua. Kila somo lina uniti zake, uniti zinajumlishwa, na unaweza kufikisha zile 60 za kuhamia chuo kikuu bila kugusa kitu ambacho fani yako inakidai. Tahasusi yako unaitunga mwenyewe, na kuitunga ni lazima uanzie unakokwenda, urudi nyuma.

Tazama kemia. Fani ya baiolojia inataka umalize kemia kaboni (organic chemistry) kabla ya kuhama au angalau uwe umeianza. Kemia kaboni haikupokei mpaka umefaulu kemia ya jumla, sehemu ya kwanza na ya pili. Kemia ya jumla nayo inadai kemia ya utangulizi kwa asiyekuwa na msingi, na hisabati ya kiwango fulani. Hesabu mihula: utangulizi, jumla ya kwanza, jumla ya pili, kaboni ya kwanza, kaboni ya pili. Ni mihula mitano, mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna namna ya kusoma miwili kwa pamoja. Mwaka una mihula miwili mikubwa. Kwa hiyo hata anayeanza kemia siku ya kwanza anahitaji kutumia likizo ya kiangazi ili amalize kwa miaka miwili. Mimi nilianza mwaka mmoja baadaye. Sosholojia ingeweza kunisubiri muhula wowote. Mnyororo wa kemia hausubiri. Hisabati ni hivyohivyo: aljebra, kisha maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi yenyewe.

Ndiyo maana UC wenyewe hawawashauri watu wa sayansi na uhandisi kutanguliza mpango wa masomo ya jumla. Wakati wangu mpango huo uliitwa IGETC; walioanza kuanzia muhula wa Agosti 2025 wanafuata Cal-GETC. Ni mpango mzuri, lakini usiuache umeze mihula yako ya kwanza yote.

Chombo cha kutungia tahasusi kipo na ni bure: tovuti ya ASSIST. Unachagua chuo chako cha jamii, unachagua chuo kikuu cha UC au cha CSU (mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California), unachagua fani, na inakuonyesha somo kwa somo lipi la kwenu linahesabika kama lipi la kwao. Ukikuta palipoandikwa kwamba hakuna somo linalolingana, usikate tamaa, huenda chuo jirani kinalo. Chapisha ukurasa huo na uende nao kwa mshauri. Mimi nilipoingia na karatasi mkononi mazungumzo yalibadilika kabisa. Hatukuongea tena juu ya kinachonivutia. Tuliongea juu ya muhula gani kemia kaboni inafundishwa, maana si kila chuo kinaifundisha kila muhula.

Jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: masomo yenye sehemu ya kwanza na ya pili, kama kemia, fizikia au kalkulasi, yamalize katika chuo kimoja. Vyuo vikuu vingi vya UC vina robo, yaani vipindi vifupi zaidi vya masomo, badala ya mihula, na mara nyingi hutambua mfululizo mzima tu. Ukisoma nusu hapa na nusu kule unaweza kujikuta na pengo katikati.

Kuhusu lugha, nina ushauri ambao mshauri wa kawaida hataufikiria. Mpango wa IGETC kwa wanaokwenda UC ulidai lugha isiyo Kiingereza, na ulikubali miaka miwili ya shule, kuanzia kiwango cha darasa la sita, mahali ambapo kufundishia si kwa Kiingereza. Mimi nilisoma darasa la sita na la saba Morogoro, kwa Kiswahili. Mama alizitafuta ripoti zangu sandukuni, akaskani, akatuma, na kipengele hicho kikafungwa bila kulipia somo lolote. Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa naye ana hoja hiyohiyo. Cal-GETC haina kipengele cha lugha, ila baadhi ya vitivo bado vinaidai kabla ya kuhitimu, kwa hiyo vyeti vya nyumbani msivitupe.

Kama unalenga CSU, uliza kuhusu shahada ya miaka miwili ya kuhamia iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2010. Inakuhakikishia nafasi katika mfumo wa CSU, ingawa si lazima iwe kampasi unayoitaka. Kwa UC, kampasi sita, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa dhamana ya kukubaliwa. Dhamana hiyo huombwa kuanzia Septemba 1 hadi 30, kampasi moja tu, na baadhi ya fani hazimo. Fomu yenyewe ya kujiunga hutumwa kuanzia Oktoba, na kufungwa mwishoni mwa Novemba au siku chache baadaye. Januari unarudi kwenye fomu kujaza alama mpya. Kuna wanaosahau hatua hii baada ya kazi yote ile.

Binamu yangu amefika kutoka Dodoma mwezi uliopita, anataka ufamasia. Jumapili tulikaa mezani na ukurasa wa ASSIST, tukaanzia mwisho wa mwaka wa pili tukirudi nyuma mpaka tukafika Agosti. Maabara hujaa mapema, na anayemaliza maelekezo ya wanafunzi wapya, tathmini na mpango wa masomo hupata zamu ya mbele ya kujisajili, kwa hiyo alivimaliza vyote vitatu wiki hiyohiyo. Mstari wa kwanza wa mpango wake unasema kemia ya utangulizi. Zamu zangu za usiku kwenye nyumba ya wazee nimezihamishia Jumanne na Alhamisi, ili siku za maabara nimwachie gari.