Mdogo wangu, huyo wakala usimpe hela

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Uko Mbeya, una diploma ya uuguzi na leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, na kuna wakala Dar anataka milioni nane akupeleke Uingereza kulea wazee, eti ukishafika utahamia unesi. Unaniuliza utoe au usitoe. Usitoe hata shilingi.

Viza anayokuuzia haipo. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kutoa viza mpya za kulea wazee kwa waombaji walioko nje, kwa hiyo huyo bwana anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Hata zilipokuwa zinatolewa, nimewaona huku Uingereza watu waliouza viwanja wakaja, wakakuta kampuni haina kazi ya kuwapa. Mwajiri akinyang'anywa kibali cha kuajiri wageni, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Kuna dada mmoja nimekaa naye akilia jikoni kwangu, na deni la nyumbani hajalipa hata nusu.

Jambo jingine ambalo wakala hatakwambia: sheria ya hapa inakataza kumtoza mtu hela ya kumtafutia kazi. Tena Tanzania iko kwenye orodha nyekundu, yaani nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambako hospitali na mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kwenda kusaka wauguzi. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kuomba moja kwa moja kwa mwajiri.

Njia ya nesi ni kusajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huku. Kiingereza ndicho kinachowakwamisha wengi: kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS wanataka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Ukipenda, fanya OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. Kuna mtihani wa kompyuta, halafu OSCE, mtihani wa vitendo, ambao lazima uje kuufanyia huku, na ada yake ni pauni 794. Hospitali nyingi hulipia, ila soma mkataba vizuri, maana ukiacha kazi mapema wanaweza kukudai gharama zao.

OSCE usiudharau kwa sababu umezoea wodi. Pale unatamka kila unachofanya: unanawa, unajitambulisha, unamuuliza mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na utepe wa mkononi, unauliza mzio, unasoma tarehe ya dawa kuisha. Nimeona manesi hodari wa leba, wenye miaka yao kazini, wakifeli kwa kuruka swali la mzio.

Kazini kwenyewe utaumia kidogo. Wewe unayeweka kanula usiku kwa tochi ya simu, hapa huigusi mpaka upite mafunzo yao na mtu akusainie. Na hakuna ndugu anayeleta uji wala kumwogesha mgonjwa. Kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadilisha shuka, yote ni yenu wa zamu, na zamu moja huchukua saa 12 nzima. Mimi kazi hiyo naiheshimu. Kinachonikaa moyoni ni mzee anayemaliza wiki nzima bila mgeni.

Mshahara wa nesi anayeanza hospitali za serikali England ulikuwa pauni 31,049 kwa mwaka, kwa viwango vya 2025/26. Makato yakitoka unabaki na kama 2,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba inakula sehemu kubwa. Nyumbani utatuma, ila si kila wanapopiga simu. Waambie mapema.

Sitakuficha pia kwamba nafasi zimepungua sana. Hata wahitimu wa hapa wanahangaika. Kwa hiyo usiache kazi Mbeya. Lipia IELTS kwanza, ukiwa na matokeo ndipo uanze NMC. Orodha ya waajiri wenye kibali iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure. Ukipata barua ya ajira, nitumie niisome kabla hujasaini.