Kabla ya kulipia mashine ya kuchua misuli, ifinye kwanza

Mimi ni mchua misuli wa timu ya mtaa hapa Lubumbashi, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi kwa mikono miwili na mashine moja ya mkononi inayogonga misuli. Wanaoniuliza wanunue aina gani si wachezaji peke yao. Wamo mafundi waashi wanaoshinda wameinama, akina mama wanaobeba mizigo pale soko la Kenya, mtaa wetu hapa mjini, na madereva wa lori waliokaa kutwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wote nawajibu vilevile: achana kwanza na idadi ya vichwa vya kubadilisha vilivyomo ndani ya sanduku na uzuri wa skrini. Washa mashine, iweke juu ya paja lako, halafu ifinye.

Ifinye kweli, kwa uzito wa bega, huku ukisikiliza. Mota yenye nguvu inashusha sauti kidogo na kuendelea kugonga. Mota dhaifu inaguna, inapunguza mwendo, kisha inasimama kabisa. Kuna kijana mmoja muuzaji pale mjini aliyenishika mkono nilipokuwa nikijaribu yake.

"Papa, usiifinye hivyo, itakufa!"

"Mwanangu, kama inakufa kwenye paja langu nikiwa nimevaa suruali, golikipa wangu wa kilo tisini itamfanyia nini?"

Alicheka, akanitolea nyingine kutoka rafu ya juu. Hiyo ndiyo ninayotumia mpaka leo.

Mashine hizi zilianza kama chombo cha kupiga, si cha kutetemesha, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Jason Wersland, Mmarekani mtaalamu wa kunyoosha maungo, aliumia kwenye ajali ya pikipiki mwaka 2007. Akitafuta nafuu ya maumivu yake, akageuza msumeno wa umeme wa mkononi kuwa kifaa cha kugonga misuli, na kutokana na wazo hilo ikazaliwa mashine ya Theragun. Mwendo wa msumeno ule ni kwenda mbele na kurudi nyuma. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni kichwa kinasafiri umbali gani kila kinapopiga. Theragun za kitaalamu husafiri milimita 16, na Hypervolt, mashine ya kampuni nyingine, karibu milimita 12. Nyingi za bei ndogo zinazopangwa mezani kwetu ziko kwenye 6 au 8, hata kama sanduku limeandikwa 12. Milimita 6 zinatetemesha ngozi na kuleta raha ya muda mfupi, lakini kwenye paja la mchezaji au kalio la dereva hazifiki panapouma.

Sanduku usiliamini, pima mwenyewe. Washa kwa mwendo wa chini kabisa, shika rula ya mtoto wa shule kando ya kichwa, utaona kivuli cha mwendo wake kinaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa mtu wa kawaida, milimita 10 mpaka 12 zinatosha. Mwembamba au mzee hahitaji 16, zitamuumiza bure.

Ule uzito unaoisimamisha mota, mashine kubwa kama Theragun PRO inatajwa kuvumilia kilo 27 hivi. Hiyo ilitoka mwaka 2020 kwa dola 599 huko Marekani, na sioni sababu ya mtu wa hapa kujinyima chakula kwa ajili yake. Chagua tu inayoendelea kugonga ukiegemea kwa mkono mmoja. Habari za kasi 30 au 99 usizibabaikie kabisa. Mimi natumia mbili, ya polepole na ya kati.

Umeme ndio utakaoamua kama mashine itaishi nawe. Chagua inayochajiwa kwa tundu la USB-C, lile la simu nyingi za sasa. Umeme ukikatika jioni nzima, unaichaji kwa betri ya kubebea au kwa sola ya jirani. Zile zenye chaja yake peke yake, yenye pini ya duara, zinakuwa pambo siku chaja inapopotea. Nimezunguka mjini mara nyingi kuwatafutia watu chaja za namna hiyo, na mara nyingi tumerudi mikono mitupu. Na mwezi wa kumi, joto letu linapopanda kabla ya mvua, usiiache ndani ya gari lililofungwa, maana betri ya lithiamu haipendi joto. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kwenye matundu ya kupumulia mota. Ifunge kwenye mfuko, ifute kwa brashi kavu.

Kuhusu vichwa, cha mviringo kinafanya karibu kazi yote. Cha bapa ni kizuri kifuani na begani. Cha uma kinapita kandokando ya uti wa mgongo bila kugusa mfupa. Kile chembamba kama risasi ndicho vijana wanachokimbilia, nacho ndicho kinachowaachia alama za damu kuvilia. Kama mashine itatumiwa na watu wengi, kataa vichwa vya sponji. Vinakunywa jasho na mafuta, na fangasi zinahama kutoka mguu hadi mguu. Chukua vya mpira vinavyofutika, na uvifute kila unapobadilisha mtu.

Matumizi yenyewe hayana mambo mengi. Dakika moja au mbili kwa kila msuli, ukipeleka kichwa taratibu, ukiiacha mashine ifanye kazi. Kuifinya ni kwa ajili ya kuijaribu dukani. Kwenye mwili wa mtu, uzito wa mashine yenyewe karibu unatosha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, walichapisha jaribio la wanaume 16. Waligongwa kigimbi kwa Hypervolt dakika 5, kifundo cha mguu kikaongeza mkunjo kwa nyuzi 5 hivi, na nguvu ya msuli haikupungua. Kwa hiyo hata kabla ya mechi inafaa kulegeza misuli iliyokaza. Lakini haiungi msuli uliochanika. Mchezaji aliyesikia "pa!" nyuma ya paja akadondoka, usimpelekee mashine siku hizo za kwanza, mpeleke kwa kinesi, yule mtaalamu wa tiba ya viungo.

Sasa naomba unisome polepole. Usiipitishe mbele ya shingo wala pembeni yake. Pale panapita mishipa mikubwa ya damu kwenda kwenye ubongo. Usiiweke juu ya mfupa, kidonda, au mishipa iliyovimba ya miguuni. Mama mjamzito, anayetumia dawa za kulainisha damu na mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi waulize daktari kwanza. Mguu mmoja ukivimba na kupata joto baada ya safari ndefu, yaweza kuwa damu imeganda. Hapo ni hospitali. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia baada ya kuchuliwa, nako ni hospitali siku hiyohiyo.

Na sisi tuna mambo yetu ya nyumbani. Maumivu ya mwili mzima pamoja na homa usiyaite uchovu wa mazoezi, nenda ukapime malaria. Mtoto mwenye SS, yaani selimundu, anayelia miguu na mgongo hana msuli uliokaza. Ile ni damu inashindwa kupita. Tafadhali, usimgonge kwa mashine. Mpe maji, mpeleke kwa wanaomtibu.

Kama mfuko hauruhusu mashine ya kweli, usinunue ile ya kutetemeka kwa sababu tu ni rahisi. Tafuta mpira wa tenisi, hata uliochakaa. Egemea ukuta, uweke kati ya ukuta na kalio au bega, kunja magoti kidogo, uuviringishe mpaka upate panapouma, kisha utulie hapo ukipumua kwa nusu dakika. Kwa nyayo, kaa kwenye kiti, uviringishe chini ya mguu mtupu. Kwa mgongo, uweke pembeni ya uti, kamwe usiwe juu yake.