Ukipewa kuandika wasifu wa Mzee, anza na kaunta buku

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia usiku. Baba yake, mfanyabiashara wa samaki mwenye jina soko zima, alikuwa amefariki, na kikao cha familia kikampa yeye kazi ya kuandika wasifu kwa kuwa "wewe ndiye msomi." Akaniambia, "Dada, nimeandika tarehe ya kuzaliwa na shule aliyosoma, hapo kalamu imegoma. Kila nikirudia kusoma naona ni mtu mwingine."

Nilimjibu kwa ufupi maana maziko yalikuwa kesho kutwa. Hapa najibu kwa urefu, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine. Najua mnaonisoma ni watu wa aina gani: ama mna mzazi aliyejenga biashara kwa mikono yake, ama mnaijenga nyinyi na mnamwomba Mungu watoto waikute.

Mzee wangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini. Saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, vitasa. Baadaye akafungua tawi Arusha. Kwa vipimo vya Dar hakuwa tajiri, ila panda gari uelekee Kibosho, nyumba nyingi utakazopita zimeezekwa kwa bati lililotoka kwenye stoo yetu. Alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa, mzee wa kanisa, mjumbe wa bodi ya shule. Wateja walimwita Meku, yaani mzee kwa Kichaga, hata kabla hajaota mvi. Alifariki mwaka 2022. Habari za hospitali naziruka, hazina faida kwa mtu.

Wasifu wake aliusoma baba mdogo. Uliandikwa kwa Kiswahili cha ofisini: marehemu alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alisoma, aliteuliwa, alichaguliwa tena. Nyadhifa zilitajwa zote, hata ile ya kamati ya maji iliyokutana mara moja ikafa. Halafu ikaja sentensi ninayoijua mpaka leo kwa moyo: "Biashara hiyo aliiendesha kwa kushirikiana na wanawe wa kiume."

Nilikuwa nimekaa safu ya mbele, nimeshika mkono wa mama. Mimi ndiye niliyekaa kaunta na Mzee tangu nilipomaliza chuo. Kaka zangu, Mungu awabariki, walikuwa wakija Desemba kama Wachaga wengine wote, wanakula ndafu, wanapiga picha mbele ya duka, wanarudi Dar. Baba mdogo nimeshamsamehe. Nimesamehe, sijasahau, na ningependa hilo lieleweke.

Ndiyo maana nasema wasifu usiandikwe na mtu aliyemjua marehemu kwa vyeo. Uandikwe na aliyemwona akifanya kazi. Kama wewe hukumwona, waendee waliomwona: kijana wa stoo, kuli, dereva wa Canter, mama wa chai anayejua Mzee aliweka vijiko vingapi vya sukari na alikuwa analipa kwa siku au kwa wiki. Waendee kabla ya kuwaendea waheshimiwa. Waheshimiwa watakuja wenyewe, tena na kipaza sauti watakitafuta.

Baada ya wasifu likaja lile tangazo ambalo mazishi ya kwetu hayaishi bila hilo: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Wengi hulisikia kama utaratibu tu, wanaanza kutafuta viatu na funguo za gari. Kwa mfanyabiashara, hilo tangazo lina uzito kuliko hotuba zote zilizotangulia.

Mzee alikuwa na kaunta buku, lile daftari kubwa la dukani, ya mali kauli, yaani ya waliochukua mali kwa ahadi ya kulipa baadaye. Jalada gumu, mgongo umeunganishwa kwa gundi ya mabomba, kurasa zinanuka saruji. Alichora safu kwa rula: tarehe, jina, mali, kiasi, kilicholipwa. Kila mwenye duka anazo hizo. Ya kwake ilikuwa na safu moja zaidi, nyembamba, pembeni kabisa, aliyoiandika juu yake "kwa nini". Mabati 12 geji 30: "mvua zinakuja, ana watoto wadogo." Saruji mifuko mitano: "kaburi la mkewe." Kitasa kimoja: "ameibiwa." Kuna nondo nne mbele yake ameandika, "sijui, ila ni mkweli." Na kuna sehemu ameandika mali, akaandika kiasi, kisha akaikata yote kwa mstari mmoja na pembeni akaweka: "anajenga kumkomoa kakake."

Niliisoma kaunta buku hiyo usiku wa kuamkia kuanua tanga, wageni wamelala hadi koridoni. Miaka yote nilikuwa naijumlisha. Sikuwahi kuisoma. Mle ndani hamkuwa na mwenyekiti wala mjumbe wa bodi, mlikuwa na mtu anayejiuliza, mchana kutwa, nani aaminiwe na kwa sababu gani.

Siku hizohizo wadaiwa walianza kuja. Fundi mmoja wa paa alileta noti zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari la shule, akazihesabu mbele ya mama, akasimama palepale mpaka alipoona jina lake linakatwa. Mwingine, mwenye ghorofa, alikana saini yake mchana kweupe. Simtaji, anajijua. Muuzaji wa jumla wa Kariakoo, ambaye sisi ndio tuliokuwa tunadaiwa naye, alituma rambirambi kwanza na ankara baada ya tanga, akaandika juu yake kwamba atasubiri mahakama imalize. Huyo jina lake lilistahili kuwa kwenye wasifu kuliko nusu ya kamati zilizotajwa.

Mzee alimpenda sana Reginald Mengi, yule mfanyabiashara mkubwa mwenye viwanda na vyombo vya habari, na si kwa ajili ya Uchaga peke yake. Tulilelewa na hadithi ya kalamu: kwamba Mengi, mhasibu aliyesomea Uingereza na kufika kuongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa nchini, aliingia kwenye viwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, enzi zile ambazo dukani ulikuta rafu tupu. Kama mnashangaa kwa nini mtoto wa kike wa muuza misumari alisomeshwa uhasibu, ni hadithi hiyo. Mengi alipofia Dubai Mei 2019 na kuletwa kuzikwa Machame, Mzee alifunga duka siku ya kazi akaenda. Aliporudi nikadhani atazungumzia vigogo, au televisheni yake ya ITV, au kiwanda chake cha soda cha Bonite. Alizungumzia watu wenye ulemavu, wale ambao Mengi alikuwa akiwaandalia chakula cha mchana kila mwaka na kukaa nao mezani. "Wale hakuna aliyewaagiza kulia," alisema, akavua koti, akauliza mauzo ya asubuhi.

Sasa, msomaji wangu aliniuliza pia: niandike nini kuhusu yeye kama baba, maana nyumbani alikuwa haonekani? Jamani, wafanyabiashara wetu wengi hawaonekani. Mzee alitoka saa kumi na mbili asubuhi akarudi giza. Lakini Jumapili jioni ilikuwa yetu. Anatandika gazeti la juzi sakafuni, anapanga viatu vyetu vya shule jozi kwa jozi, anapaka kiwi, anasugua kwa soksi iliyotoboka, huku anauliza mmoja mmoja: wiki hii nani amekuonea? Tukishamaliza kushtaki, linakuja la pili: na wewe umemwonea nani? Hilo la pili ndilo lililotuchelewesha kulala. Mama alipomwambia watoto wamekua, wajipigie kiwi wenyewe, alijibu kwamba anakagua soli, asije akauziwa namba ndogo tena. Aliendelea mpaka kitinda mimba alipofika kidato cha tano.

Andika mambo ya namna hiyo. Usiandike "alikuwa baba mwenye upendo na mchapakazi," maana kila marehemu Tanzania hii ni mchapakazi. Andika soksi iliyotoboka. Na kama wewe hukumbuki kitu, muulize mdogo wako, muulize dada wa kazi wa zamani, waulize wa stoo. Narudia: waulize wa stoo.

Nije kwenye jambo ambalo hamkuniuliza lakini mtaniuliza baadaye mkiwa mnalia. Mirathi.

Kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka mkubwa awe msimamizi. Sikugombana na mtu. Nilisema tu kwamba duka limesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kama jina la biashara, si kampuni, kwa hiyo mbele ya sheria duka na Mzee ni mtu mmoja: madeni ya duka ni madeni ya marehemu, akaunti ya duka benki haitaguswa mpaka msimamizi awe na barua ya mahakama, na Mahakama ya Mwanzo itamtaka huyo msimamizi ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali zote na madeni yote. Nikauliza nani kati yetu anaweza kuiandika orodha hiyo. Baba mdogo akakohoa. Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akauliza, "Ufunguo wa droo ya kaunta unakaa wapi?" Kaka akanitazama. Wasimamizi tukawa wawili, muhtasari ukaandikwa hivyo, na orodha niliyopeleka mahakamani haikurudishwa hata mara moja. Karani aliuliza nimeajiriwa wapi. Nikamwambia kwa baba yangu.

Shikeni hili hata mkisahau mengine yote: msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu mahakamani. Nimeona watu wakipewa barua ile Jumatatu, Ijumaa gari la marehemu liko mnadani. Nimeona kaka akiwaambia dada zake "mahakama imenipa mimi." Haijakupa, imekutuma. Na nyinyi mnaodaiwa na marehemu, mnaotembea na mabati ya watu juu ya vichwa vyenu na Jumapili mnakaa viti vya mbele kanisani, Mungu anawaona. Mjane hapaswi kuwafuata kwa miguu. Lipeni.

Nanyi wazee mlio hai, mnaosema mambo ya wosia ni uchuro. Huyo huyo Mengi, mhasibu, mwenye uwezo wa kumweka wakili yeyote, wosia wake ulipingwa na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua. Kama wa kwake uliyumba, wa kwako ulioutamka nusunusu Krismasi kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, utasimama? RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na udhamini, wanaandika wosia na wanautunza. Nenda ukiwa na akili zako timamu, nenda mwenyewe, usipelekwe. Na duka likishakuwa na wafanyakazi na matawi, fikiria kulifanya kampuni, kwa sababu kampuni haifi siku unayokufa wewe. Hisa ndizo zinazogawanywa, mlango unabaki wazi. Mzee tulilizungumza hilo mara nyingi. Alikuwa anasema tusubiri mauzo ya msimu yapite. Misimu ya ujenzi haiishi, ndugu zangu, kila mwaka kuna msimu.

Na tuache kushindana kwenye misiba. Fulana zenye picha, mahema ya kukodi, wapiga video wenye vindege angani, halafu mtu aliyembebea marehemu saruji miaka yote amesimama nje ya uzio na sahani. Mnamheshimu nani hapo? Heshima ya baba iko kwa waliomtumikia na waliomdai. Nimesema, na wa kunichukia anichukie.

Ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tuliifanya nyumbani, kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kaka alitaka tangazo la nusu ukurasa gazetini. Nikapiga hesabu, nikasema fedha hiyo itoe nauli kwa wafanyakazi wa zamani wote tutakaowapata. Walikuja, wengine sikuwa nimewaona tangu nikiwa mtoto. Tukala mtori, tukawapa kipaza sauti mmoja mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa kuli zamani alikikataa. Akasubiri mchungaji aondoke, akaja jikoni, akaniambia taratibu kwamba hakuja kusema maneno, amekuja kwa sababu ya nauli na kwa sababu Mzee alibaki na nusu mshahara wake wa mwezi aliotoka Moshi kwenda kuuguza mama yake.

Kaka alisema kila mtu sasa atakuja na yake. Nikaleta zile kaunta buku za zamani, zile zilizoliwa na mende. Tulitafuta hadi taa ikawashwa. Jina lilikuwepo, na mbele yake: "nusu bado. Akirudi." Kwenye safu ya kwa nini, Mzee alikuwa ameandika, "haki yake." Shilingi yenyewe, kwa thamani ya leo, haitoshi mfuko wa saruji. Tukakaa, kaka na mimi, tukabishana ilipwe kwa bei ya wakati ule au ya sasa, kwa sauti, mama akicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kaka ndiye aliyelipa. Alilipa kwa bei ya sasa, akaongeza na nauli ya kurudia.